Masta ya afya ya uzazi isiishie kwenye kuzuia mimba

Hapa Moshi ukisema unataka kwenda kusoma masta ya afya ya uzazi lazima atokee mtu akuulize, kwa hiyo unaenda kusomea kuzuia watu wasizae? Zamani nilikuwa nacheka, siku hizi nawaelewa, maana hata sisi tulio kwenye fani tukisikia afya ya uzazi akili inakimbilia sindano, vijiti na kitanzi. Anayehangaika kutafuta mtoto mwaka wa sita huu tunamkumbuka mwishoni kabisa, kama muda umebaki.

Sio kwamba napinga uzazi wa mpango, hapana. Takwimu za kitaifa za 2022 zinasema mwanamke wa Tanzania anazaa wastani wa watoto 4.8, na kwenye walioolewa wanaotumia njia za kisasa ni asilimia 31 tu. Na huku mlimani Kilimanjaro sababu ya kupanga uzazi tunaiona kwa macho, babu alikuwa na kihamba, yaani shamba la ukoo, cha maana, baba akapata kipande, wewe na kaka zako mnagombania pa kuchimba choo.

Ninachosema mimi ni kwamba haya mambo mawili hayatenganishiki. Chukua sindano ya miezi mitatu. Mtu akiacha, uwezo wa kushika mimba unaweza kuchelewa kurudi miezi tisa, kumi, hata mwaka, tofauti na kijiti au kitanzi ambavyo ukitoa tu mwili unarudi mapema. Mama hakuambiwa hilo, anakaa mwezi wa tano hajashika, anajua basi wameshamuharibu kizazi, anaenda saluni anahadithia, na waliokuwa wanasuka pale wote hawakanyagi tena kliniki. Sasa mtaalamu wa uzazi wa mpango asiyejua ugumba atamjibu nini huyu mama?

Halafu wanaume, jamani. Karibu nusu ya wanandoa wanaokosa mtoto tatizo linamgusa na mwanaume, ila anayezungushwa ni mke, mara maombi, mara kwa mganga, mara hospitali kupigwa picha ya mirija ya uzazi ambayo inauma kweli, mangi mwenyewe, yaani mume, hajawahi kupima mbegu na kile kipimo wala hakiumi!! Mama mkwe ndo kabisa, yeye ameshatoa hukumu. Na hiyo mirija mara nyingi imezibwa na magonjwa ya zinaa, klamidia au kisonono ambacho hakikutibiwa vizuri, na klamidia inaweza kukaa mwilini bila dalili yoyote, na kwa kawaida magonjwa hayo mtu haambukizwi akiwa peke yake, sijui kama tunaelewana.

Kwa hiyo vyuo vyetu, na sisemi kimoja, nasema vyote vinavyotoa hizi kozi, mwanafunzi akae kwanza na wanandoa wanaotafuta mtoto, wiki za kutosha, asikilize, ndo aruhusiwe kuandika proposali. Maana tasnifu zetu nazo ni zilezile, sababu za matumizi madogo ya uzazi wa mpango kwa wanawake wa kata fulani, mwaka unaofuata anakuja mwingine anabadilisha jina la kata tu. Wasimamizi, hiyo mada ikiletwa tena mrudishieni, mwambieni safari hii akawahoji waume zao.