Kupanda Manyovu si kazi, kazi ni kushuka

Safari ya kwenda kusalimia wazazi Buhigwe ikikaribia, wengi hapa Kigoma hukagua injini na rejeta. Ni vizuri, ila kwa barabara ya Mwandiga hadi Manyovu ningeanza na breki. Ni lami ya kilomita 60 hivi. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na milima ya Kalinzi na Manyovu inapita 1,500. Ulichopanda asubuhi utakishuka jioni, tena na gari zito zaidi, maana mama wa Kiha hakubali mtoto arudi mjini na buti tupu.

Ukikanyaga breki mfululizo kwenye mteremko mrefu, pedi hupata joto hadi zinashindwa kukamata. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa pole pole. Joto likizidi, maji hayo huchemka, hutoa mapovu, na pedali inazama bila gari kusimama. Fundi afungue kikopo cha mafuta hayo uone mwenyewe. Yakiwa meusi kama chai ya rangi iliyokolea, yabadilishwe. Hata yasipopungua, miaka 2 inatosha.

Dawa haina gharama: shuka kwa gia uliyopandia. Otomatiki ina gia za chini, L na 2, ambazo wengi hawazigusi mwaka mzima; hapa ndipo kazi yake. Kanyaga breki kwa nguvu, mwendo upungue, kisha achia ipoe. Kushusha gari likiwa huru (bila gia) eti kuokoa mafuta ni hatari ya bure, kwani gari za siku hizi zikishuka na gia bila kukanyagwa mafuta hujikatia mafuta zenyewe. Ukisikia harufu ya kuungua, simama mahali tambarare, weka jiwe nyuma ya tairi, subiri nusu saa. Usimwagie maji, diski ya moto ikipoozwa ghafla hupinda au hupasuka.

Wakati mzuri ni mwisho wa Mei na Juni: mvua zimekatika, migomba na kahawa bado kijani, na kutoka mjini unaona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Agosti na Septemba moshi wa mashamba hufunika kila kitu. Mvua za kwanza za Oktoba ndizo mbaya, vumbi na mafuta ya barabarani vinateleza kama mlenda.

Asubuhi kuna ukungu na baiskeli zenye mizigo. Tumia taa za chini. Za juu hurudishwa machoni na ukungu. Beba vitambulisho vya wote garini, huko ni mpakani na Burundi. Migebuka (samaki wa ziwani) ya zawadi iwe mikavu.

Kabla ya kurudi, hesabu mikungu ya ndizi. Mmoja unaweza kupita kilo 20. Mitano ni sawa na kuongeza abiria mwingine mnene. Jaza upepo tairi za nyuma kwa kipimo cha mzigo kilichobandikwa mlangoni kwa dereva, na uanze kushuka kabla ya saa tisa.