Bosi Anahusikaje na Figo Zangu?

Watanzania na Wakenya wa Dallas, Houston au Minneapolis wakikutana na mmoja akatangaza kwamba amepata kazi mpya, swali la mshahara linaweza kungoja. Kwanza ataulizwa: "Wana bima?" Mama anaweza kuacha kazi ya dola 24 kwa saa akaenda kwenye ya dola 20 kwa sababu mwanawe ana pumu na huko kwingine bima ni nzuri zaidi, na wote tutaona amefanya la maana. Nimekaa Texas muda wa kutosha kuzoea hata joto la Agosti, lakini hili sijalizoea. Mtu aliyeniajiri nimpangie mizigo ghalani ndiye anayechagua kampuni ya bima itakayosema nimwone daktari yupi, nipewe dawa ipi na mke wangu ajifungulie wapi. Anahusikaje?

Wengi huku, wenyeji wakiwemo, wanaamini bima ya kazini imetokana na falsafa fulani ya Kimarekani, soko huria na uhuru wa mtu kuchagua. Ukifuatilia ilikotoka hukuti falsafa yoyote. Unakuta viraka juu ya viraka.

Kiraka cha kwanza kilishonwa hapa hapa Dallas. Mwaka 1929 Justin Ford Kimball, aliyewahi kuwa mkuu wa shule za jiji hili, alikuwa akisimamia hospitali ya Chuo Kikuu cha Baylor. Kwenye vitabu vya madeni akaona majina ya walimu, watu waliolazwa wakashindwa kulipa. Akawawekea mpango: toa senti 50 kila mwezi, na ukiugua utalazwa hadi siku 21 bila kudaiwa. Mara ukaja mdororo mkuu wa uchumi, vitanda vikabaki vitupu nchi nzima, hospitali nyingine zikaiga, na humo ndimo ilimozaliwa Blue Cross, mtandao mkubwa wa kampuni za bima ya afya.

Angalia ni nani aliyekuwa na shida hapo. Hospitali ndiyo iliyotaka kulipwa. Angalia pia kwa nini ilichagua walimu na si mpita njia yeyote. Ukiuza bima kwa mtu mmoja mmoja, wa kwanza kufika dirishani ni yule ambaye tayari anaumwa. Ukiiuza kwa kundi la waajiriwa unapata wazima wengi na wagonjwa wachache, na mchango unakatwa kabla mshahara haujamfikia mwenyewe. Hesabu hiyo ni sahihi na siibezi. Bima ilikuwa imeanza kuifuata ajira kabla serikali haijatia mkono wake.

Serikali ilikuja kuutia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Rais Roosevelt alikuwa ameiacha bima ya afya nje ya sheria ya hifadhi ya jamii ya 1935, kwa hofu kwamba chama cha madaktari, American Medical Association, kingeiangusha sheria yote. Ikafika 1942. Vijana wako vitani, viwanda vinahangaika kutafuta watu, na Washington, kwa kuogopa mfumuko wa bei, imezuia mishahara isipande. Mwenye kiwanda atamzuiaje fundi wake wa kuchomelea asihamie kwa jirani? Bodi iliyosimamia masuala ya kazi wakati wa vita ikakubali kwamba marupurupu kama bima, yakiwa ya kiasi, hayahesabiwi kuwa nyongeza ya mshahara. Mwaka 1943 mamlaka ya kodi nayo ikatamka kwamba mchango wa mwajiri kwenye bima ya kundi hautatozwa kodi ya mapato ya mfanyakazi. Waajiri wakaichangamkia nafasi hiyo. Henry Kaiser, mjenzi wa meli, yeye alikwisha kutangulia: daktari wake, Sidney Garfield, alikuwa akiwatibu maelfu ya wafanyakazi wa Richmond, California, kwa utaratibu wa kulipia kabla. Vita vilipokwisha mpango ule ukafunguliwa kwa umma, na ndio Kaiser Permanente ya leo, shirika la bima lenye hospitali zake lenyewe.

Udhibiti wa mishahara uliondolewa. Nafuu ya kodi ikabaki, na mwaka 1954 bunge likaiingiza rasmi kwenye sheria ya kodi. Hatua ya muda ya kuzunguka amri ya wakati wa vita ikageuka kuwa msingi wa afya ya taifa zima, na sijui kama kulikuwa na siku hata moja ambayo wabunge walikaa wakajiuliza kama ndivyo walivyotaka.

Rais Harry Truman alijaribu kuelekea kwingine. Novemba 1945 aliliomba bunge liunde bima ya afya ya taifa. Madaktari wakaikodi kampuni ya kampeni ya Whitaker na Baxter kutoka California, na mwaka 1949 pekee wakamwaga zaidi ya dola milioni moja kuwaambia wananchi kwamba huo ni ujamaa unaingia kwa mlango wa nyuma, na kwamba njia ya hiari ndiyo njia ya Kimarekani. Truman akashindwa. Kiongozi wa wafanyakazi wa magari, Walter Reuther, alikuwa akiitaka bima ya taifa, lakini alipoona mlango wa bunge umefungwa akaenda kuidai kwenye meza ya majadiliano na General Motors. Mwaka 1950 akapata mkataba wa miaka mitano wenye pensheni na mchango wa bima, ule ulioitwa Mkataba wa Detroit. Simlaumu, watu wake walikuwa wanaumwa wakati huo huo, hawangeweza kungoja bunge. Lakini tangu siku hiyo wafanyakazi wenye sauti kubwa kuliko wote walikuwa wameshapata chao.

Mwaka 1940 hata Mmarekani mmoja kati ya kumi hakuwa na bima ya hospitali. Kufikia 1960 zaidi ya theluthi mbili walikuwa nayo. Waliobaki nje ni wale wasio na mwajiri wa kuwakatia: wazee waliostaafu, maskini, wasio na kazi, pamoja na vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani ambao mwajiri wao hakuwajali. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson akashona viraka viwili vipya, Medicare ya wazee na Medicaid ya maskini, akaenda hadi Missouri kutia saini mbele ya Truman.

Tuje kwenye pesa, maana hapa watu wanadanganywa na wanafurahi kudanganywa. Shirika la KFF, linalofuatilia bima za kazini kila mwaka, lilikuta kwamba mwaka 2024 bima ya familia kazini iligharimu wastani wa dola 25,572. Mfanyakazi alikatwa dola 6,296, na zilizobaki, zaidi ya dola 19,000, "akalipa mwajiri." Wachumi wa kushoto na wa kulia, wasiokubaliana karibu katika jambo lolote, hapa wanasema kitu kimoja: zile dola 19,000 ni mshahara wa mfanyakazi. Mwajiri anajumlisha gharama yako yote, na kinachokwenda kwenye bima hakiji mfukoni mwako. Bei ya bima ikipanda, nyongeza yako ya mwaka inamezwa huko huko, nawe unakwenda kumshukuru bosi kwa ukarimu. Na baada ya yote hayo, ukiugua unaanza kutoa pesa yako mwenyewe mpaka ufikie kiwango fulani ndipo bima iamke. Mwaka huo huo kiwango hicho kilikuwa wastani wa dola 1,787 kwa mtu mmoja.

Ile nafuu ya kodi nayo imepinda. Meneja ambaye mapato yake ya juu yanatozwa asilimia 37 anaokoa dola 370 kwa kila dola 1,000 ya bima anayolipiwa. Mfagizi wa ofisi yake, aliye kwenye asilimia 12, anaokoa 120. Asiye na bima kazini haokoi kitu. Serikali ya nchi isiyotaka kusikia habari za kugharimia matibabu ya watu wote inaachilia mabilioni ya dola ya kodi kila mwaka, na fungu nono linakwenda kwa wenye nacho.

Hata hivyo, hasira yangu kubwa haiko kwenye pesa. Iko kwenye mamlaka ambayo mwajiri anapewa juu ya maisha ya mtu. Mwaka 1994 mwanauchumi Brigitte Madrian alikadiria kwamba bima ya kazini inapunguza kuhama kazi kwa kiasi cha asilimia 25. Watu wamekwama. Wanavumilia msimamizi mtukanaji kwa sababu ya insulini, wanaahirisha kufungua duka lao kwa sababu mke ana ujauzito. Septemba 2019 wafanyakazi wapatao 49,000 wa General Motors walipogoma, kampuni iliwasitishia bima ya afya wakiwa bado kwenye mstari wa mgomo. Kelele zikapigwa, ikairudisha baada ya siku kadhaa, lakini ujumbe ulikwisha kufika. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu iliwakubalia wenye maduka ya Hobby Lobby kutolipia baadhi ya njia za uzazi wa mpango kwenye bima ya wafanyakazi wao, kwa kuwa zinakwenda kinyume na imani ya wamiliki. Imani ya mwenye duka, tumbo la muuza duka!

Halafu kuna siku unayofukuzwa. Tangu miaka ya 1980 ipo sheria inayoitwa COBRA inayokuruhusu kubaki kwenye bima ya kazini, kwa kawaida hadi miezi 18, mradi ulipe mwenyewe bei nzima, pamoja na asilimia 2 juu yake kwa ajili ya uendeshaji. Yaani siku mshahara unapokatika ndiyo siku unayotakiwa kulipa kile ambacho ukiwa na mshahara hukuweza kukilipa. Aprili 2020, korona ilipofunga nchi, zaidi ya ajira milioni 20 zilipotea ndani ya mwezi mmoja. Ugonjwa ulikuwa unaua, na watu walikuwa wanapoteza bima kwa sababu ya ugonjwa huo huo. Kama hilo halikutosha kuwaamsha, sijui litakalotosha.

Kwetu wahamiaji kamba hii ina nyuzi nyingi zaidi. Aliye kwenye viza ya kazi ya H-1B akiachishwa ana hadi siku 60 tu za kutafuta mwajiri mwingine au kubadili hadhi, kwa hiyo bosi mmoja ameshika mshahara, bima na ruhusa ya kuishi nchini. Wengi wenye grini kadi, kwa sheria ya 1996, wanasubiri miaka mitano kabla ya kustahili Medicaid, na hapa Texas hata wakishafikisha miaka hiyo, mtu mzima asiyefika miaka 65, asiye na mimba, mtoto wala ulemavu, kwa kawaida hana lake. Sheria ya afya ya Rais Obama ya 2010 ilizibana kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi ziwape bima wanaofanya kazi saa 30 kwa wiki. Sasa uliza wenzetu wanaowahudumia wazee kwenye nyumba za kutunzia wanapangiwa saa ngapi. Wengi watakwambia 28, au 29. Mtu anashika kazi mbili za namna hiyo, anafanya kazi saa 57 kwa wiki, na kwenye vitabu vya waajiri wote wawili yeye ni wa muda tu. Akianguka, tunafungua kundi la WhatsApp na kuanza kuchanga. Tunajua kuchanga, Mungu atubariki, lakini bili ya chumba cha wagonjwa mahututi huku hailingani na michango ya watu 80.

Najua nitaambiwa kwamba mwajiri kuchangia bima si dhambi. Ni kweli. Ujerumani mwajiri na mfanyakazi wanagawana mchango nusu kwa nusu, utaratibu wenye mizizi kwenye sheria ya Bismarck ya 1883. Tofauti ni kwamba kule mfuko wa bima unauchagua wewe, na ukiacha kazi unabaki nao. Hata Kenya, ambako tangu Oktoba 2024 mishahara inakatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, na malalamiko ni mengi, ukifukuzwa kazi uanachama hauchukuliwi pamoja na kitambulisho cha ofisi. Pesa ya mwajiri ichukuliwe, sina neno. Funguo tu zisikae kwake.

Kinachonikatisha tamaa ni kwamba wanaoutetea mfumo huu si matajiri peke yao. Februari 2020, chama cha wafanyakazi wa hoteli na majiko ya Las Vegas, Culinary Union, kilipinga hadharani mpango wa Bernie Sanders, seneta aliyekuwa akiwania urais, wa bima moja kwa wote. Wanachama wake, wengi wao wahamiaji kama sisi, walikuwa wamegoma na kuteseka miaka mingi ili wapate bima nzuri, na hawakutaka kuibadilisha na ahadi. Ningekuwa mpishi wa Las Vegas huenda ningesema hivyo hivyo. Zaidi ya watu milioni 150 wamekatiwa bima kazini, na kila mmoja anaogopa kwamba badiliko lolote litamkuta yeye.

Sheria ya Obama iligusa mzizi wenyewe, ile nafuu ya kodi, mara moja tu. Iliweka kodi ya asilimia 40 juu ya sehemu ya bima za kazini iliyozidi bei fulani, ianze kutozwa mwaka 2018. Waajiri wakaipinga, vyama vya wafanyakazi vikaipinga. Ikasogezwa hadi 2020, ikasogezwa tena hadi 2022. Julai 2019 Baraza la Wawakilishi, lile lile lisiloweza kukubaliana hata juu ya bajeti bila kutishia kuifunga serikali, lilipiga kura ya kuifuta: 419 kwa 6. Desemba mwaka huo Trump akatia saini ufutwaji wake, na kodi hiyo ikaondoka bila kukusanya hata dola moja.