Sebule Haina Skwea

Fundi tailizi kaingia sebuleni kwangu asubuhi hii, kasimama katikati, kaiangalia kona ya dirishani, kacheka kidogo peke yake. Halafu akauliza lile swali ambalo kila aliyewahi kujenga Kivule, Chanika au Goba ameshaulizwa: "Bosi, nani alikujengea hapa?"

Fundi akikuuliza hivyo, jua bei imeshapanda.

Nikajikaza. Nikamjibu kwa sauti ya mwenye nyumba kwamba nilijengewa na fundi mzuri tu, wa kuaminika, tena kaletwa na shemeji. Akaguna. Akatoa penseli sikioni na tepu mfukoni. Akapima sentimita 60 ukuta huu, akatia alama. Akapima 80 ukuta ule, akatia alama. Akanyoosha tepu toka alama hadi alama.

"Hapa ilitakiwa isome mita moja kamili. Soma mwenyewe, bosi."

Nikavaa miwani, nikainama. Sentimita 103.

"Sebule haina skwea, kona haijakaa nyuzi 90," akasema kwa upole, kama daktari aliyeomba kwanza ndugu wa mgonjwa waingie.

Hesabu yenyewe naijua, msinione hivi. Kipeo cha pili cha 60 ni 3,600, cha 80 ni 6,400, jumla 10,000, kipeuo chake 100. Ni Pythagoras yuleyule aliyetuchapisha viboko kidato cha pili. Nilidhani tumeshaachana, kumbe alikuwa ananisubiri nimalize kupaua.

Nikampigia aliyejenga. Akaapa kwamba kuta alizinyanyua kwa timazi na pima maji, nimuulize fundi plasta. Fundi plasta akasema yeye alifuata tofali. Wa msingi ndiye aliyenimaliza: alifuata kamba, kamba ilifuata mpaka, na mpaka, mzee, si mlipimiwa kwa miguu? Hapo nikanyamaza. Kiwanja tuliuziwa hatua 20 kwa 20, dalali anatembea, mwenyekiti wa mtaa anashuhudia chini ya mwembe huku anasubiri chake. Upande wa barabarani dalali alikwenda kwa madaha. Upande wa bondeni kulikuwa na matope na yeye kavaa viatu vyeupe, akawa anadonyoa. Zote ni hatua, na zote zimeandikwa kwenye hati ya mauziano na muhuri juu.

Na msiniambie ningenunua ekari. Ekari kwa madalali wetu ni hatua 70 kwa 70. Aliyeanzisha hakuwa mjinga, maana ekari ni yadi za mraba 4,840, na yadi 70 mara 70 zinakuja 4,900. Lakini yadi moja ni sentimita 91 na kitu. Nitajieni dalali mwenye hatua ya sentimita 91 siku ya kuuza. Anayo siku ya mgogoro, akija kumtetea jirani.

Turudi kwa fundi. Kazi yake inalipwa kwa skwea mita. Haya, pima. Kuta zinazotazamana hazilingani, si ndiyo msiba wenyewe? Bwana yule akachukua ule mrefu wa huku na ule mrefu wa kule, akazidisha. Nikamuuliza, fundi, mbona wakati wa kunisuta ulishika ukuta mfupi, na wakati wa hela umeshika mrefu?

"Ndiyo kawaida ya saiti, bosi."

Nikaenda dukani. Boksi la tailizi za 40 kwa 40 lina vipande 12, skwea mita 1.92. Nani aliwaomba 1.92? Mita 2 iliwakosea nini? Sebule ni skwea mita 20 kwa hesabu yake ya wizi, yaani boksi 11, na hapo kuna chenji ya vipande. Fundi kaandika 14. Tatu ni za kukata. Za kukata wapi? Pale pale konani, ambapo mstari unaanza na tailizi nzima, unanyong'onyea, unanyong'onyea, hadi unafika mwisho wa ukuta umebaki upana wa vidole vinne. Mama Zuhura kaitazama ile kona, kasema si tuweke kochi. Mwanamke huyu, nyufa zote za maisha yetu kazifunika kwa kochi moja.

Chenye skwea nyumba hii ni kitanda tu, 6 kwa 6, nacho kiliingia kwa vipande baada ya mlango kukikataa.

Nikatoka kwenda kijiweni kutafuta huruma. Wanacheza drafti ya visoda, ubao umechorwa kwa mkaa, vyumba 64 na hakuna kinacholingana na mwenzake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza nani kachora. Nikawaeleza shida yangu. Wakaniambia nihame, nawazibia mwanga.

Narudi nyumbani, geti liko wazi. Geti la skwea paipu tupu, nimelipia kila futi, jani moja liko juu na jingine chini, komeo halikutani na tundu lake. Mbuzi wa jirani kapita hapo hapo, kamaliza mchicha wote. Nikamfuata mwenye mbuzi, nikamwambia wazi, safari ijayo namchinja.

Akaniuliza nitanunua mzima au kwa kilo.