Ukishasema "nitakuombea", halafu?

Kuna kitu kinanikera siku nyingi na leo acha nikiseme. Sisi Wakristo tumeigeuza "nitakuombea" kuwa njia ya kuagana. Mtu anakuelezea mambo yake, kazi imeisha, mtoto anaumwa, ndoa inayumba, wewe unaitikia mmh mmh huku jicho moja liko kwenye simu, akimaliza unamwambia basi ndugu tutakuombea, Mungu ni mwema, na hapo ndo imetoka hiyo, kila mtu na njia yake. Na tuwe wakweli, mara nyingi hata hayo maombi yenyewe hatuyaombi.

Angalia magrupu yetu ya WhatsApp ya kanisa. Mtu akiandika kwamba amefiwa, dakika hiyo hiyo zinaanza kushuka "pole sana mpendwa", emoji za mikono, mmoja anaweka mstari wa Zaburi, mwingine anakopi pole ya mwenzake anasahau hata kubadilisha jina, baada ya lisaa mtu anarusha video ya kwaya na ule msiba ushapanda juu huko hauonekani tena. Aliyefiwa ana pole kibao na simu yake haijaita hata mara moja.

Sasa sisemi maombi hayana kazi, mimi mwenyewe naomba na naamini yanajibiwa. Lakini Yakobo kwenye waraka wake aliliona hili mapema kuliko sisi, soma sura ya 2 mstari wa 15 na 16, ndugu yuko uchi hana chakula halafu mtu wa kwenu anamwambia "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba" asimpe kitu, Yakobo anauliza yafaa nini? Hayo maneno ni mazuri kabisa, yana baraka ndani yake, shida ni kwamba hayajamgharimu msemaji chochote.

Ndo maana ile habari ya Msamaria aliyemsaidia mtu aliyepigwa na wanyang'anyi njiani, kwenye Luka 10, naona tunaisoma nusu. Mahubiri mengi yanatumia muda mrefu kumsema kuhani na Mlawi waliompita yule majeruhi (kuwasema ni raha, hawapo kujitetea) halafu tunafika pale Msamaria anaposimama, anafunga jeraha, anatia mafuta na divai, amina, tunafunga kitabu. Lakini endelea mstari wa 35, "hata siku ya pili". Mtu alilala pale nyumba ya wageni na mgonjwa asiyemjua, asubuhi akatoa dinari mbili, na ukitaka kujua hiyo ilikuwa hela ya namna gani nenda Mathayo 20, wale vibarua wa shamba la mizabibu walipatana dinari moja kwa siku. Kwa hiyo alitoa mshahara wa siku mbili, na juu yake akaacha deni wazi, akasema gharama ikizidi nitakaporudi nitakulipa. NITAKAPORUDI. Yaani alishapanga kurudi.

Kwangu mimi huruma inapimwa hapo kwenye siku ya pili. Siku ya kwanza kila mtu ana huruma, machozi yapo, watu wamejaa, hata asiyejali anaona aibu kukosekana. Njoo wiki ya tatu sasa. Viti vimerudishwa, ndugu wamesafiri, mjane kabaki na bahasha za risiti na fomu ambazo hata hajui zinaanzia wapi maana mambo hayo yalikuwa ya marehemu. Nilimwona mama mmoja wa kanisani akienda kwa mjane wa hivyo, hakubeba ujumbe wowote wa faraja, alikaa sakafuni wakazimwaga zile karatasi zote chini wakaanza kuzipanga, hii ya hospitali, hii ya benki, hii haina maana tupa, na kesho yake wakaenda wote kupanga foleni ofisini. Hakuna aliyempiga picha. Na hiyo ya picha jamani, mtu unampa msaada halafu unamgeuza atazame kamera ashike mfuko vizuri uonekane? Ya mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume tumeifuta lini?

Kitu kingine, tunapenda kusaidia kwa tunachotaka sisi kutoa. Nguo ya zipu mbovu inaenda kwa maskini. Yesu alipoitiwa Bartimayo, kipofu, kila mtu pale anaona tatizo ni macho, bado akamuuliza "Wataka nikufanyie nini?" Alimwachia nafasi aseme mwenyewe. Na yule Dorkasi wa Yafa, Matendo 9, hatujaandikiwa neno lake hata moja, alipokufa wajane walisimama wanalia wanamwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea wakati yuko nao. Na Luka, aliyeandika Matendo, hajaandika kwamba zilikuwa mitumba ya kabatini, alizishona.

Halafu kuna huyu anayelia kwenye ibada mpaka anapiga magoti, akirudi nyumbani anamfokea mfanyakazi wake kama mbwa. Huyo sina la kumwambia zaidi, aanzie jikoni kwake.

Najua mtu ataniuliza, sasa nikijiachia hivyo si nitatapeliwa? Utatapeliwa, ndiyo, mara moja moja. Na utachoka pia, wapo watumishi na wauguzi na watoto wanaolea wazazi wagonjwa ambao wamechoka hoi na bado tunawahubiria wajitoe zaidi, hilo nalo ni kosa letu. Lakini rudi tena kwa Msamaria uangalie alifanyaje. Hakuacha safari yake akahamia pale kuwa nesi. Alimkabidhi mgonjwa kwa mwenye nyumba ya wageni, akamlipa, akaenda kwenye shughuli zake. Kwa hiyo ukishamwambia mtu nitakuombea, muulize na hiyo hospitali unaenda lini na nani anakupeleka, kama wewe huwezi siku hiyo mtafute anayeweza, andika tarehe kwenye simu yako, na ikifika mpigie.