Paneli Nne Zimelala Ukumbini

Paneli nne za sola ziko ukumbini kwa shangazi yangu, mtaa wa Mkomani, Lamu, zimeegemezwa ukutani na kufunikwa kanga kuukuu. Zilifika kabla ya mvua za masika. Zilitoka Mombasa kwa lori hadi Mokowe, zikavushwa kwa boti, na kutoka gatini wakazibeba mahamali wawili, moja moja, wakizipitisha ubavu katika vichochoro ambavyo punda wawili wakikutana lazima mmoja arudi nyuma. Safari yote hiyo ilikuwa ya siku mbili. Kuzitoa ukumbini na kuzipandisha juu ya nyumba, ngazi ishirini na kitu, ndiko kulikoshindikana.

Fundi yupo. Kilichokosekana ni ruhusa. Nyumba ni ya mawe, imo ndani ya Mji wa Kale, na Mji wa Kale uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Ofisi ya kwanza iliniambia niende ya pili. Ya pili ilitaka mchoro wa jengo wenye muhuri, wa nyumba ambayo hakuna aliye hai anayemjua fundi aliyeijenga. Ya tatu ikaniuliza kama nimeshapita ya kwanza. Shangazi aliponiona narudi na bahasha ileile alicheka: "Yua ni la Mngu, hini ruhusa ni ya n'ni?"

Nampenda shangazi yangu, lakini hapo sikubaliani naye. Ruhusa inahitajika, na anayetaka kujua kwa nini apande juu ya nyumba yoyote ya zamani hapa mjini atazame anachokanyaga. Ni chokaa na mawe ya matumbawe, vimebebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa vyumba vyetu, ndiyo maana ni vyembamba na virefu. Sasa mlete fundi aliyezoea zege, mpe drili. Atatoboa matundu manane kufunga miguu ya paneli, apige picha, aende zake. Masika yakija maji yanashuka polepole ndani ya chokaa, hakuna anayeyaona, mpaka boriti ioze na kipande cha dari kiangukie kitanda. Nimeona dari moja ya namna hiyo huko Langoni. Ilikuwa imetegeshwa nguzo ya mnazi, na watoto wanalala chini yake.

Kwa nyumba hizi njia ni kutotoboa kabisa. Fremu inakaa juu na kushikiliwa na uzito wa matofali, na uzito wenyewe unawekwa juu ya kuta, si katikati ya chumba pale boriti zinapobeba kwa shida. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, maana upepo wa kusi unakuja na chumvi yake, na bolti ya kawaida haimalizi mwaka kabla haijaanza kulia machozi mekundu. Waya usipite kwenye makuti. Mafundi wetu wazuri wanayajua haya yote. Hayajaandikwa tu mahali ambapo mwananchi anaweza kuyasoma, na afisa akayasoma yaleyale.

Hilo ndilo dai langu kwa kaunti. Siiombi itununulie paneli, wala sitaki uzinduzi wenye hema na viti vya plastiki. Nataka ukurasa mmoja ulioandikwa na meza moja ya kuupeleka.

Tazama kinachotokea bila ukurasa huo. Anayeuliza anangoja, asiyeuliza ameshawasha taa. Panda juu ya nyumba jioni, kabla ya adhana ya magharibi, uangalie upande wa bandari: paneli zimejaa, nyingine zimeinuliwa juu kama meza ya samaki, nyaya zinaning'inia. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyozuiwa na mzunguko wa bahasha. Waliozuiwa ni wale waliotaka kufanya kwa utaratibu. Urithi haukulindwa, na stima haikupatikana.

Mamlaka ipo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti kazi ya mipango, na ndani yake limetaja usambazaji wa umeme na gesi na udhibiti wa nishati. Sheria ya Nishati ya 2019 nayo inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa nishati. Kwa Mji wa Kale kaunti haiwezi kuamua peke yake, kwa sababu Makavazi ya Taifa yana sauti, na ni haki yao. Basi wakae pamoja mara moja, wakubaliane masharti, watie sahihi mara moja. Isiwe kila nyumba inafufua mjadala uleule.

Masharti yenyewe hayana ugumu. Paneli isipite kimo cha ukuta wa ukingo wa juu, isionekane ukiwa baharini, sakafu isitobolewe. Kuna atakayesema ukiilaza paneli nyuma ya ukingo unapoteza nguvu ya jua. Huko Ulaya, ndiyo. Sisi tuko digrii mbili na kitu kusini mwa Ikweta, jua linapita utosini, na paneli iliyolala karibu bapa inazalisha vizuri. Inataka mwinamo mdogo tu ili mvua iioshe. Jiografia yenyewe imetuondolea ugomvi kati ya urithi na stima, tunaushikilia wenyewe.

Mwenye nyumba akitimiza hayo, na fundi akiwa na leseni ya EPRA, mamlaka ya taifa ya kudhibiti nishati, apewe ruhusa siku hiyohiyo. Nyumba yenye jambo la pekee ndiyo ipelekwe kwa kamati. Na nje ya Mji wa Kale, Mokowe, Hindi, Mpeketoni, Witu, kwenye paa la mabati, sioni kwa nini mtu aombe chochote. Atoe taarifa, mkaguzi aje baadaye.

Wenzetu wameshalipitia. Marekani, ambako kila mji una masharti yake na mtu aliweza kungoja wiki kadhaa kwa sababu ya karatasi, maabara ya taifa ya nishati mbadala ilitengeneza programu iitwayo SolarAPP+. Fundi anajaza vipimo, programu inavikagua, na mfumo wa kawaida uliotimiza kanuni unapata kibali papo hapo. Mwaka 2022 jimbo la California likatunga sheria kuzitaka kaunti na miji yake mingi itumie njia ya namna hiyo. Kwetu hata kompyuta si lazima. Daftari, muhuri na afisa anayekaa kitini kwake saa za kazi vinatosha kuanza.

Halafu kuna mafundi. Kanuni za sola za mwaka 2012 ziliwapanga kwa madaraja, kuanzia T1 hadi T3, kulingana na ukubwa wa kazi. Vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti kwa mujibu wa Katiba. Kijana wa Faza au Kizingitini akisomeshwa hapa na kulipiwa ada ya leseni, wavuvi wa kule wanaotaka friza ya barafu hawatalazimika kumlipia fundi wa Mombasa nauli, boti na malazi kwa kazi ya nusu siku. Hapo ningeweka pesa kabla ya taa moja ya barabarani.

Nakumbuka Juni 2019, jopo la taifa la rufaa za mazingira lilipofuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokuwa ujengwe huku kwetu. Watu walishangilia barabarani. Hoja yetu miaka yote ile ilikuwa kwamba tuna jua na upepo, makaa ya nini? Tulishinda. Nikikutana na wale waliotucheka wakati ule huniuliza kwa kejeli, jua lenu liko wapi? Sipendi kuwajibu kwamba liko ukumbini, chini ya kanga.

Jirani wa ukuta mmoja na shangazi hakuuliza mtu. Alifunga zake sita kwa siku moja, kwa drili. Stima ikikatika, shangazi humtuma mtoto kwake na simu ikachajiwe.