Mgeni wa TEHAMA hakosi cheti, anakosa shahidi

Wataalamu wa TEHAMA waliohamia nchi mpya na kukaa miezi bila kazi huniuliza swali lile lile: nisome cheti gani sasa? Aliyemaliza CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, anaulizia cha AWS, huduma ya kompyuta za wingu ya Amazon, na mwenye AWS anaulizia usalama wa mitandao. Naelewa wanakotoka. Cheti hakihitaji kumbembeleza mtu. Unajifungia chumbani, unasoma, unafaulu. Lakini naamini kwa dhati kwamba kwa wengi wao tatizo haliko huko, na kwamba miezi inayoishia kwenye mtihani wa tatu na wa nne ingefaa zaidi kwingine.

Tazama fani yetu ilivyo. Daktari akihama anakutana na bodi. Bodi inaweza kumsumbua kwa miaka, ila siku ikimpa leseni, kila hospitali inajua ameshapimwa. Sisi katika nchi nyingi hatuna bodi ya namna hiyo. Hakuna anayetuzuia mlangoni, na hakuna anayetupigia muhuri. Kwa hiyo kila mwajiri amegeuka bodi yake mwenyewe, na anapima kwa hofu yake. Mezani kwake kuna wasifu wa mtu aliyesimamia seva za benki kwa miaka kumi, katika mji asioujua, na wadhamini ambao hata hajui awapigie simu saa ngapi. Chini yake kuna wasifu wa kijana mwenye miaka miwili ya kazi katika kampuni ambayo meneja wake ni rafiki yake. Anamwita kijana, na yule wa kwanza anaandikiwa kwamba hana uzoefu wa hapa.

Sisemi hiyo ni haki. Mwaka 2011 mchumi Philip Oreopoulos alichapisha utafiti ambamo maelfu ya wasifu wa kubuni yalitumwa kujibu matangazo ya kazi Toronto. Waliokuwa na majina ya Kiingereza waliitwa kwenye usaili mara nyingi zaidi kuliko wenye majina ya Kihindi, ya Kipakistani au ya Kichina, na uzoefu wa nje ya nchi ulimpunguzia mwombaji nafasi. Kinachoniuma zaidi ni sehemu inayofuata: kuongeza kwenye wasifu chuo chenye sifa kubwa, umahiri wa lugha au kazi katika kampuni ya kimataifa hakukupunguza ubaguzi huo. Yaani mambo yale yale tunayoambiwa tuyarundike ndiyo hayakusaidia.

Na Kanada, uliko mji huo wa Toronto, ni nchi ambayo tangu 2015 inawachagua wahamiaji wenye ujuzi kwa mfumo wa alama unaohesabu elimu, umri, lugha na miaka ya kazi. Serikali inakupa alama kwa uzoefu wako, halafu mwajiri anauhesabu sifuri. Angalau jimbo la Ontario limechukua hatua: tangu Januari 1, 2026, mwajiri mwenye wafanyakazi 25 au zaidi haruhusiwi kudai uzoefu wa Kanada katika tangazo la kazi. Ujerumani nayo, tangu Novemba 2023, inaweza kumpa mtaalamu wa TEHAMA Kadi ya Bluu, yaani kibali cha kuishi na kufanya kazi huko, hata kama hana shahada, mradi awe na walau miaka 3 ya uzoefu katika 7 iliyopita na kazi inayofikia mshahara uliowekwa. Ni hatua nzuri na ninazipongeza. Ila sheria inaweza kufuta sentensi kwenye tangazo. Haiwezi kuiondoa hofu ya meneja anayechagua nani aitwe.

Hofu hiyo huondolewa na mtu anayesema, "Huyu namjua, kazi yake nimeiona." Huyo ndiye ninayemwita shahidi. Wala si lazima awe ndugu au rafiki wa karibu. Mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba watu wengi walipata habari za kazi kupitia watu waliofahamiana nao kwa mbali tu, kwa sababu watu wetu wa karibu wanajua yale yale tunayoyajua sisi. Mwaka 2022 watafiti walichapisha matokeo ya majaribio yaliyohusu watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, wakakuta hali inayofanana na hiyo, hasa katika sekta za kidijitali. Kwa mgeni jambo hili ni zito kuliko linavyosikika. Mara nyingi tunakaa na waliotoka tulikotoka, wanatusitiri, wanatuonyesha njia, na Mungu awabariki. Lakini kama wote wanafanya kazi ghalani, nafasi watakayoisikia ni ya ghalani.

Shahidi hupatikanaje? Dada mmoja ninayemfahamu alikuwa msimamizi wa mitandao kabla ya kuhama. Alikubali kazi ya dawati la msaada, ngazi kadhaa chini ya alipokuwa. Ofisini palikuwa na lalamiko lililojirudia: watu wanakosa mtandao, wanaambiwa wazime na kuwasha kompyuta, wengine inawakubali, wengine haiwakubali. Tiketi, yaani kumbukumbu za kila lalamiko, zilifunguliwa na kufungwa hivyo kwa muda mrefu. Yeye akakaa akazisoma zote pamoja. Akagundua kwamba wanaolalamika karibu wote ni waliotoka likizo, au wageni waliokuja kwenye mikutano. Akashuku seva ya DHCP, ile inayogawa anwani za IP, namba ambazo kila kifaa hukihitaji kimoja ili kiingie mtandaoni. Kila kifaa kilikuwa kinapewa anwani kwa siku 8, muda ambao seva ya Windows huuweka yenyewe usipoubadilisha, na anwani zilizokuwapo ni 254 tu, ilhali kila mfanyakazi alikuja na kompyuta na simu. Simu iliyoingia ofisini mara moja ilishikilia anwani zaidi ya wiki, na aliyefika wa mwisho akakuta zimekwisha.

Hakuwa na ruhusa ya kuigusa seva hiyo, kwa hiyo aliandika. Kwenye tiketi aliweka orodha ya waliolalamika na tarehe zao, hesabu ya vifaa, na pendekezo la kuzitengea simu mtandao wake na kufupisha muda. Kikosi cha mitandao kilifanya marekebisho hayo, malalamiko yakakoma. Ilipopatikana nafasi kwenye kikosi hicho, mkuu wa kikosi alimwomba kwa jina. Vyeti vyake vilikuwa vile vile alivyokuja navyo.

Ndiyo maana simshauri mtu akatae kazi ya chini iliyo ndani ya fani. Hapo tiketi unazozijibu vizuri zinasomwa na watu wenye uwezo wa kukuinua. Kazi ya kujikimu nje ya fani ni halali na watoto lazima wale, ila haikupi shahidi wa TEHAMA, kwa hiyo tenga saa kila wiki za kumtafuta kwingine.

Kwingine huko, kwa wanaoandika programu, naweka mbele programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kupendekeza mabadiliko. Kila badiliko linabaki hadharani na jina lako: ulichorekebisha, swali uliloulizwa na mhakiki anayepitia badiliko kabla halijapokelewa, ulivyojibu, ulivyorudia. Anza na mradi unaoutumia kweli kazini. Rekebisha maelezo yaliyopitwa na wakati, andika jaribio linalokosekana, kisha shika hitilafu ndogo. Mhakiki aliyepitia kazi yako mara kadhaa anakufahamu kuliko msaili wa dakika 45, hata kama hamjawahi kuonana.

Kujitolea nako kunafaa, kwa shirika la hisani lisilo na fundi, kwa muda mliokubaliana. Kampuni ya biashara inayokuomba ufanye kazi bure ili "upate uzoefu" ikatae bila kujieleza. Na anayekudai pesa akutafutie kazi mkimbie.

Mgeni pia aache kuwaandikia watu wasiomjua akiomba kazi. Aulize kuhusu kazi yenyewe: "Nimesoma kwamba timu yenu inahamisha hifadhidata kwenda PostgreSQL. Nimewahi kufanya hivyo, na tatizo letu lilikuwa aina za tarehe. Ninyi mlilitatuaje?" Fundi akiulizwa hivyo mara nyingi hujibu, maana ni nadra mtu kuiulizia kazi yake kwa namna hiyo.

Upande wa pili tupo sisi tulioshapata kazi. Ukinitumia wasifu sitaupeleka idara ya rasilimali watu, kwa sababu huko utaungana na mamia mengine. Nitakuomba kitu ulichokitengeneza: skripti, mchoro wa mtandao, ripoti ya hitilafu. Nitakisoma jioni nikiwa na nafasi. Kikiwa kizuri, nitampelekea mkuu wa timu inayohusika na kumweleza ni wapi hasa kilinivutia, jina lako likiwa juu na langu chini yake.