Mkweche wangu hauuzwi (labda kesho)

Jana nimempika mama mkwe. Foleni ya Mandela, kati ya Buguruni na Tabata Relini, saa nane mchana, mwezi wa pili. Mshale wa joto umegota kwenye wekundu, na wenye mikweche wenzangu mnaijua dawa: zima kiyoyozi, washa hita mpaka mwisho, joto lihamie kwenu injini ipumue. Kioo cha upande wake kiligoma kushuka tangu mwaka juzi. Mama wa watu katulia na kitenge chake cha harusi, jasho linafuata mkufu, akaniuliza kwa upole unaotisha:

"Baba, huku kwenu gari mnalichochea moto ndani?"

"Ni kwa ajili ya injini, mama."

"Aaa. Injini."

Hakufungua tena mdomo mpaka Kimara.

Kwa hiyo leo nimeamka na msimamo wa mtu mzima: linauzwa. Fundi keshasema gasketi ya hedi imekwenda, hedi ikachongwe, rejeta imeziba kwa kutu. Laki nne na nusu, "kwa vile ni wewe bosi". Eti kosa ni langu, nalinywesha maji ya kisima. Sasa visima vya mtaani si mnavijua? Ukichemshia wali, chumvi huweki. Na mita inasoma kilomita 312,000, hizo ni zile zilizokubali kuonekana.

Nikampigia dalali. Akaja na mteja, kijana wa ndala, hana salamu. Akaanza kugonga bodi kwa kifundo cha kidole kama anachagua tikiti maji. Akafungua boneti, akachomoa kijiti cha oili.

"Hii oili au chai ya maziwa?"

Nikameza mate. Akazunguka nyuma, akasoma namba. "Namba A! Dogo wangu wa mwisho hajazaliwa hii." Akafungua buti, akakuta madumu matano ya maji.

"Haya ya nini?"

"Ya safari."

"Safari ya wapi, jangwani?"

Dalali ananikonyeza nitulie. Nikatulia, na heshima zangu. Kijana akarudi nyuma hatua mbili, akalipima kwa jicho moja, halafu akauliza: "Lina kama kilo ngapi hivi?"

Kilo! Kumbe mtu wa chuma chakavu! Jamani, hili gari lina fitina, lina gubu, limenilaza Chalinze mara mbili, lakini kilo? Mwanangu wa pili nusura azaliwe kiti cha nyuma pale Magomeni! Nikajikuta nalitetea kwa sauti mpaka majirani wakatoka. Nikaingia, nikazungusha ufunguo. Likawaka mara moja, jambo ambalo halijafanya tangu Oktoba, na yule mama wa Kijapani wa kwenye dashibodi akaanza maneno yake ya kila asubuhi.

Kijana akashtuka. "Anasemaje?"

"Anasema watu husalimiana kwanza."

Wameondoka. Dalali kadai nauli.

Na msiniambie niagize jingine. Jirani kanipigia hesabu: ushuru wa forodha asilimia 25, VAT 18, na gari likishapita miaka minane linaongezewa ushuru wa uchakavu. Yaani serikali inanitoza kwa sababu gari ni zee, fundi ananitoza kwa sababu gari ni zee, na mpya hata bei yake siiulizi, naogopa kujibiwa.

Basi kesho Gerezani, nikatafute gasketi. Halafu jioni nikae chini, niamue vizuri.

Mama mkwe anarudi Tanga Jumapili. Kasema tusihangaike kumpeleka stendi ya Magufuli, atachukua bajaji. Bajaji! Hawa wa mtaani kwetu wakiona tu mama mtu mzima na begi, bei inapanda yenyewe. Buku tano, kutoka hapa Mbezi mpaka stendi, pa kutupa jiwe! Kwa buku tano mimi nampeleka, na hita juu.